Sura ya Sita: Alirusha Ndege Gani?

Kambi ya ndege ya Eastleigh imezungukwa na watu. Upande mmoja ni maduka na maghorofa ya Eastleigh yenyewe; ng'ambo ya pili ni mitaa ya Eastlands iliyojengwa kwa vipindi tofauti, kuanzia Kaloleni na Bahati za enzi ya mkoloni hadi Buruburu na Umoja za miaka ya 1970. Waingereza waliitumia kambi hiyo kwa ndege zao. Baada ya uhuru ikawa ya Kenya, na leo inaitwa Moi Air Base. Watoto wa mitaa hiyo wamekua wakitazama juu. Ndiyo maana hukosi hadithi ya rubani ukikaa nao: mjomba aliyerusha jeti, baba wa jirani aliyepigana Somalia, mzee wa ploti ya pili ambaye "alikuwa Air Force" na hasemi zaidi ya hapo.

Sura hii inahusu namna ya kuzithibitisha hadithi hizo. Maisha ya rubani wa ndege ya kivita ni magumu kuyathibitisha kuliko ya mwalimu au ya mfanyabiashara. Kazi yake ni ya siri, wenzake ni wachache, kumbukumbu zake ziko mikononi mwa jeshi, na sifa ya kazi yenyewe hufanya watu watie chumvi. Hata hivyo ni maisha yanayoacha alama nyingi. Kila ndege ina mwaka iliyoingia nchini, kila cheo kina utaratibu wake, na kila safari ya angani huandikwa na rubani mwenyewe akishatua. Anayezijua alama hizo anaweza kumtenga aliyeruka na aliyesimulia tu. La muhimu zaidi, anaweza kumrudishia jina mtu aliyeruka kweli na akasahaulika.

Kenya ina mfano mkubwa wa jambo hili, na ulianzia katika kambi hizi zetu.

Nani alishika usukani

Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliiteka redio ya Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kuwatangazia wananchi kwamba serikali imepinduliwa. Kiongozi wao alikuwa Hezekiah Ochuka. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo, Ochuka akakimbilia Tanzania kwa ndege, akarudishwa Kenya mwaka 1983, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987.

Wapo wanaomtaja Ochuka hadi leo kama rubani. Sababu ni rahisi kuiona: alikuwa wa Jeshi la Wanahewa, aliongoza mapinduzi ambamo ndege zilipaa, na alitoroka kwa ndege. Masikio yakiunganisha mambo hayo matatu, rubani anazaliwa. Lakini Ochuka alikuwa senior praiveti, cheo cha pili kutoka chini. Rubani wa jeshi la Kenya ni afisa aliyetunukiwa kamisheni, na hakuna senior praiveti anayekabidhiwa jeti. Cheo peke yake kinatosha kulimaliza swali hilo.

Kama Ochuka hakurusha ndege, nani alizirusha? Hapa ndipo tunapokutana na watu wanaostahili kukumbukwa zaidi.

Katika kambi ya Nanyuki, waasi walitaka Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya kikosi cha polisi cha GSU yapigwe mabomu kutoka angani. Koplo Bramwel Njereman ndiye aliyesimamia mpango huo. Hakujua kurusha ndege, basi aliwalazimisha marubani watatu kwa mtutu wa bunduki: Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Njereman mwenyewe aliingia na silaha katika ndege ya Meja Mutua ili ahakikishe amri inatekelezwa. Marubani walielewana kupitia redio bila yeye kutambua. Wakiwa angani, Mutua aliizungusha na kuipinda ndege kwa namna ambayo mtu asiyezoea jeti hawezi kuistahimili, koplo akalemewa. Mabomu yaliyokusudiwa Nairobi yakaangushwa katika msitu wa Mlima Kenya, na ndege zikarudi Nanyuki.

Kule Eastleigh, saa za mwisho za jaribio hilo, Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu waliwalazimisha Meja Nick Leshan na Meja William Marende kuwapeleka Dar es Salaam kwa ndege ya uchukuzi aina ya Buffalo.

Tazama namna hadithi inavyogeuka ukiuliza swali moja tu: nani alishika usukani? Waasi niliowataja walikuwa askari wa vyeo vya chini waliobeba bunduki. Marubani watano niliowataja walikuwa maafisa waliotekwa, na watatu kati yao ndio walioiepusha Nairobi na mabomu. Katika masimulizi ya mtaani, jina la Ochuka linajulikana na kila mtu, ilhali la Mutua hulisikii mara nyingi. Uthibitishaji wa wasifu ni kazi ya kurekebisha mizani kama hiyo.

Kosa la kutotenganisha watu lilikuwa na gharama kubwa. Baada ya Agosti 1982 Jeshi la Wanahewa lote lilivunjwa. Wanajeshi wake walikusanywa na kuzuiliwa kwa wingi, wengine magerezani Kamiti na Naivasha, na wengi walipoteza kazi bila kushika silaha siku ile. Familia zao zilibaki na aibu ambayo hazikuistahili. Mpaka leo ukimuuliza mzee wa aina hiyo habari za kazi yake ya ujana, mara nyingi jibu ni fupi. Kwa hiyo mtafiti wa Eastlands asije na dhana kwamba anayenyamaza anaficha uongo. Wengi walinyamaza kwa sababu kusema "nilikuwa Air Force" kuliwahi kumfanya mtu ashukiwe.

Kalenda ya ndege

Swali la kwanza la kumuuliza mtu, au familia yake, ndilo jina la sura hii. Usianze na vita, usianze na ushujaa. Anza na ndege. "Mzee, ulikuwa ukirusha ndege gani?" Aliyeruka atajibu mara moja, na ukimwachia nafasi ataendelea kukueleza tabia zake: ilivyokuwa nzito au nyepesi mkononi, mwendo wa kutulia, kilichokuwa kikiharibika. Kisha unalinganisha jibu lake na kalenda.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964 kwa msaada wa Uingereza. Ndege zake za mwanzo zilikuwa Chipmunk za mafunzo, pamoja na Beaver na Caribou za uchukuzi. Hapakuwa na jeti ya kivita hata moja. Jeti za kwanza, Strikemaster sita kutoka Uingereza, zilifika mwaka 1971. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 zikaja Hunter, nazo za Uingereza. F-5 za Marekani zilianza kuingia mwaka 1978: F-5E yenye kiti kimoja, na F-5F yenye viti viwili. Hawk zikafuata kuanzia mwaka 1980. Miaka mingi baadaye Kenya ilinunua F-5 nyingine zilizotumika na Jordan.

Orodha hiyo fupi ni chujio zuri sana. Ukisoma katika kijitabu cha mazishi kwamba marehemu alikuwa "rubani wa jeti katika Vita vya Shifta", simama hapo. Vita hivyo vya kaskazini mashariki vilikwisha mwaka 1967, miaka minne kabla ya Kenya kuwa na jeti. Huenda marehemu alirusha Beaver iliyobeba askari na chakula hadi viwanja vya vumbi vya Wajir na Mandera, kazi ya hatari iliyohitaji moyo. Hapo hujamnyang'anya kitu. Umempa kazi yake halisi badala ya kazi ya kubuni. Vivyo hivyo kwa anayesemekana alirusha F-5 mwaka 1975: ama mwaka si huo, ama ndege si hiyo.

Viti navyo vina la kusema. Turudi kwa Meja Mutua. Simulizi inasema koplo mwenye bunduki aliketi nyuma yake. Jambo hilo haliwezekani katika F-5E, maana haina mahali pa mtu wa pili. Linawezekana katika F-5F, ambayo viti vyake vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na Kenya ilikuwa nayo mwaka 1982. Umbo la ndege linaafikiana na simulizi. Ingekuwa mtu amekuambia kwamba koplo aliketi nyuma ya rubani ndani ya Strikemaster, ungekuwa na haki ya kushuku, kwa sababu viti vya Strikemaster viko ubavu kwa ubavu.

Vyeo na majina

Baada ya ndege, angalia cheo. Jeshi la Wanahewa la Kenya linatumia vyeo vinavyofanana na vya jeshi la nchi kavu: luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia. Uingereza ina vyeo tofauti kwa wanahewa wake, kama Flight Lieutenant, Squadron Leader na Wing Commander. Ukikuta rubani Mkenya wa miaka ya 1980 ameandikwa "Squadron Leader", yawezekana mwandishi ameiga filamu au kitabu cha Kiingereza. Yawezekana pia amechanganya cheo na wadhifa: meja au luteni kanali anaweza kuwa kamanda wa skwadroni, na hapo "kamanda wa skwadroni" ni kazi aliyopewa, wala si cheo begani. Uliza vyote viwili kando kando: cheo gani, na wadhifa gani.

Kisha jina la jeshi lenyewe. Lilipovunjwa mwaka 1982 liliundwa upya chini ya Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, likaitwa 82 Air Force. Jina la Kenya Air Force lilirejeshwa mwaka 1994. Kwa hiyo barua, cheti au beji ya mwaka 1987 inatarajiwa kuwa na jina la 82 Air Force. Karatasi ya mwaka huo yenye kichwa cha Kenya Air Force inastahili kuchunguzwa mara mbili. Anayeghushi hati hukumbuka muhuri na sahihi, lakini husahau jina lililobadilika na kurudi.

Jambo hili linagusa hata wasifu wa watu wakubwa. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 huko Sindar, Elgeyo Marakwet, alikuwa rubani wa ndege za kivita. Wasifu wake rasmi unaonyesha alijiunga na jeshi mwezi Aprili 1984, akatunukiwa kamisheni Mei 1985, kisha akapata mafunzo ya urubani wa kivita katika jeshi la anga la Marekani. Ukiweka tarehe hizo juu ya kalenda yetu, unaona jambo ambalo taarifa nyingi fupi hazikulisema: kijana huyo wa Siaya aliingia katika jeshi la anga lililokuwa limeaibishwa, lililopokonywa hata jina, na akawa mmoja wa kizazi kilicholijenga upya mpaka akaliongoza kuanzia mwaka 2018. Tarehe mbili zilizothibitishwa zinamweleza kuliko aya nzima ya sifa.

Picha moja, maswali manne

Tuchukue mfano wa kufikirika, ila wa aina inayotokea. Familia moja ya Jericho inaandaa kijitabu cha mazishi. Wana picha ya babu akiwa kijana, amevaa ovaroli ya kurukia, amesimama kando ya ndege. Nyuma ya picha kumeandikwa 1976. Wanataka maelezo chini yake yasome: "Akiwa na ndege yake ya F-5."

Swali la kwanza ni mwaka. Mwaka 1976 Kenya haikuwa na F-5. Basi ama picha si ya Kenya, ama ndege si F-5, ama mwandiko wa nyuma si sahihi.

Swali la pili ni umbo la ndege. F-5 ina pua ndefu iliyochongoka, bawa fupi jembamba, na injini mbili nyuma. Hunter ina bawa lililolala nyuma na matundu ya hewa mahali bawa linapoungana na mwili. Strikemaster ni nene kidogo, bawa lake limenyooka, ina tangi la mafuta katika kila ncha ya bawa, na kifuniko chake cha kioo ni kipana kwa sababu watu wawili huketi bega kwa bega. Tuseme pichani mna matangi kwenye ncha za mabawa na kioo kipana. Hiyo ni Strikemaster, na mwaka 1976 unakubaliana nayo.

Swali la tatu ni mtu mwenyewe. Kusimama kando ya ndege hakumfanyi mtu rubani. Mafundi wa injini, wa silaha na wa umeme walipigwa picha na ndege hizo hizo, tena kwa fahari iliyo halali, maana hakuna jeti iliyopaa bila wao. Tafuta beji ya mabawa kifuani. Tafuta kofia ngumu ya rubani mkononi, barakoa ya hewa na mikanda ya kiti. Tafuta cheo begani. Mtu mwenye cheo cha sajini na bisibisi mfukoni ni fundi, na familia yake inapaswa kuandika hivyo bila kuona haya.

Swali la nne ni nani mwingine yuko pichani. Uso wa pili ni shahidi wa pili. Rubani mwenzake aliye hai anaweza kukuambia jina la skwadroni, mwaka wa kozi na kambi, na akakupa picha nyingine ya siku hiyo hiyo.

Baada ya maswali hayo, maelezo ya picha yanaweza kusoma: "Akiwa na Strikemaster, 1976." Ni maneno machache kuliko ya kwanza, na yana uzito zaidi. Na kama beji ya mabawa iko kifuani, yanamweka babu miongoni mwa Wakenya wachache waliorusha jeti za kwanza za nchi hii.

Rubani anapojisimulia

Je, tumwamini rubani mwenyewe? Tumsikilize kwa heshima, kisha tumlinganishe na karatasi. Afrika Mashariki ina mfano unaojulikana ulimwenguni.

Mwaka 1938 kijana Mwingereza mwenye asili ya Norway alifika Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Jina lake lilikuwa Roald Dahl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto. Vita vilipoanza mwaka 1939 alisafiri hadi Nairobi akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, akajifunzia urubani hapa kwa ndege ndogo ya Tiger Moth. Alipewa kamisheni Agosti 1940. Tarehe 19 Septemba mwaka huo, akiipeleka ndege ya Gladiator kwa skwadroni yake mpya, namba 80, alianguka katika jangwa la kaskazini mwa Afrika. Fuvu lilipasuka, pua ikasagika, akawa kipofu kwa muda.

Mwaka 1942 jarida moja la Marekani lilichapisha simulizi yake chini ya kichwa kilichosema alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa. Kumbukumbu za kijeshi na maelezo yake ya baadaye yanaonyesha kwamba alielekezwa mahali pasipo sahihi, hakuikuta kambi, mafuta yakakaribia kwisha na giza likaingia, akajaribu kutua jangwani akagonga jiwe. Hapo wasifu ulipunguzwa.

Lakini mizani ilishuka upande wa pili pia. Dahl alirudi vitani mwaka 1941, akarusha Hurricane huko Ugiriki na Syria. Watafiti wa baada ya vita walilinganisha kumbukumbu za Waingereza na za upande wa adui, wakaona kwamba ushindi wake wa angani ulifika ndege tano, idadi inayompa rubani hadhi ya bingwa. Uchunguzi ule ule ulioondoa risasi katika hadithi ya jangwani ndio ulioimarisha hadithi ya Ugiriki. Mchunguzi wa kweli anakuwa tayari kwa matokeo yote mawili.

Zipo pia hasara ambazo karatasi haiwezi kuziponya. Pat Pattle, rubani mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekufa katika mapigano ya Athens tarehe 20 Aprili 1941, yumkini ndiye aliyetungua ndege nyingi kuliko rubani mwingine yeyote wa Jumuiya ya Madola. Kumbukumbu za kikosi chake zilipotea Waingereza walipokimbia Ugiriki. Makadirio yanaanzia 40 hadi zaidi ya 50, na mwandishi mwaminifu anaandika hivyo hivyo, bila kuchagua namba inayopendeza.

Mahali pa kutafuta

Rubani huwa na daftari la safari zake: tarehe, aina ya ndege, namba ya ndege, aliyeruka naye, kazi iliyofanywa, muda wa hewani. Mwisho wa mwezi hujumlishwa na mkuu wake hutia sahihi. Familia ikiwa na daftari hilo, imeshika hati bora kuliko zote. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa na unyevu havijalifikia. Namba za ndege zilizomo zinaweza kulinganishwa na picha na ripoti za ajali za miaka hiyo.

Daftari lisipokuwepo, kuna cheti cha kuachishwa kazi na namba ya jeshi. Kwa kuvitumia, familia inaweza kuiandikia barua Wizara ya Ulinzi kupitia Ulinzi House, Hurlingham, au kuuliza kupitia DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, ingawa mambo ya usalama wa taifa yamewekewa mipaka.

Gazeti Rasmi la Serikali lina orodha za nishani za kitaifa, na lina matangazo ya urithi yanayotaja tarehe na mahali mtu alipofia. Maktaba ya McMillan pale Banda Street ina hazina ya magazeti ya zamani, na matawi yake mawili yako huku kwetu, Kaloleni na Makadara, mahali pazuri kwa kijana kuanzia utafiti. Jumba la Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, hufungulia umma hati nyingi za serikali zikishapita miaka 30.

Hukumu za mahakama ni chemchemi ambayo watu wengi huisahau. Tovuti ya Kenya Law huziweka wazi bila malipo. Meja Jenerali Peter Kariuki, aliyekuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa mwaka 1982, alifungwa miaka minne na mahakama ya kijeshi kwa kushindwa kuzuia uasi. Miaka mingi baadaye alishtaki serikali kwa kuvunjiwa haki zake, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikamwongezea fidia hadi shilingi milioni 15. Katika kesi ya namna hiyo mtu husimulia maisha yake chini ya kiapo, upande wa pili humhoji, na jaji huandika anachokiamini na sababu yake. Si rahisi kupata wasifu uliochujwa vizuri kuliko huo.

Dai la kuruka kwa kiti cha kufyatuka nalo lina njia yake. Kampuni ya Martin-Baker, iliyotengeneza viti vya Hunter, Strikemaster na Hawk, ina klabu ya watu waliookolewa na viti vyake, iliyoanzishwa mwaka 1957. Na aliyefunzwa F-5 Marekani katika miaka ya mwanzo ana uwezekano mkubwa wa kuwa alipitia kambi ya Williams, Arizona, iliyokuwa ikiwafundisha marubani wa nchi nyingi zilizonunua ndege hiyo.

Mipaka ya heshima

Yote haya yanamhusu mtu aliyestaafu au aliyefariki. Rubani aliye kazini ni habari nyingine. Tangu Kenya iingie Somalia Oktoba 2011, ndege zake za kivita zimekuwa zikipiga kambi za al-Shabaab. Kutangaza jina la rubani, mtaa anaokaa na shule ya watoto wake ni kumweka hatarini, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inalinda taarifa za mtu binafsi. Ukitaka tu kujua kama kijana anayemposa binti yako, au anayekuuzia nafasi ya kuajiriwa jeshini, ni mwanajeshi kweli, usizungushe picha yake mitandaoni. Nenda kituo cha polisi au kambini ukaulize. Na anayedai pesa ili akuingize jeshini hahitaji uchunguzi mrefu: kuajiriwa KDF hakulipiwi.

Kwa wastaafu, nenda kwa adabu ya mtu anayekwenda kujifunza. Mwache mzee aanze na mafunzo yake kabla ya kumfikisha mwaka 1982. Akitaka kuuruka mwaka huo, mwache auruke; unaweza kurudi siku nyingine. Usimsahihishe mbele ya wajukuu. Andika alivyosema kwa maneno yake, kisha pembeni andika ulichokikuta katika hati, na vyote vihifadhiwe.

Unapoandika, weka kila jambo katika daraja lake. Lipo lililothibitishwa na hati, lipo lililosemwa na mashahidi wawili wasiotegemeana, na lipo linalosemwa na familia pekee. Madaraja hayo matatu yakionekana wazi, msomaji anakuamini, na mtafiti ajaye anajua pa kuanzia.

Kazi hii haiwezi kungoja. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1982 sasa anakaribia 70, na wenzake wanazikwa mwaka hadi mwaka, wengi wakiwa na wasifu wa kurasa mbili uliochapwa usiku kucha na watu waliofiwa. Wakati wa kuuliza ni sasa, mzee angali anaweza kushika picha na kusema huyu ni nani na hii ni ndege gani. Mwaka 1982 watu waliadhibiwa kwa mkumbo kwa sababu hakuna aliyejali kutofautisha koplo aliyeshika bunduki na meja aliyetekwa, wala fundi aliyekuwa amelala nyumbani Jumapili ile. Wasifu sahihi hufanya kazi ya kutofautisha ambayo haikufanywa wakati ule. Unamtaja mtu mmoja mmoja, kwa jina lake, cheo chake, ndege yake na alichokifanya siku hiyo, na kwa kufanya hivyo unamtoa katika lawama ya jumla. Familia nyingi za Eastlands zimeisubiri haki hiyo kwa zaidi ya miaka 40, na kuitafuta hakuhitaji cheo wala kibali kikubwa. Kunahitaji mtu anayeuliza vizuri na anayeandika ukweli.